CG125 ya marehemu baba inavuja oili, na gasketi hii ni ya pili

MtotoWaKitangari:

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa shikamooni. Naomba msaada, hasa mafundi wa Masasi na Mtwara mjini mnaozijua hizi Honda za zamani.

Nina CG125 aliyoniachia marehemu baba. Ni ile yenye fimbo za kusukumia valvu, haina cheni ya taimingi. Ndiyo iliyopeleka korosho zetu ghalani miaka yote na ndiyo iliyompeleka mama kliniki. Siiuzi, kwa hiyo tafadhali asije mtu kuniambia ninunue Boxer.

Inavuja oili. Ilianza kwa kulowesha mapezi ya chini ya bloku upande wa gia. Sasa ikilala usiku mmoja, asubuhi nakuta doa la ukubwa wa kiganja. Nikitoka Kitangari hadi Newala mjini, kiatu cha kushoto kinalowa mpaka soksi. Hayo ningeyavumilia. Kinachonitisha ni tairi la nyuma. Juzi nilikuwa nashuka mteremko wa kwenda Masasi nimempakia mama, nikagusa breki kwenye kona, nikahisi nyuma inahama. Niliposimama nikakuta cheni imerusha oili mpaka ubavuni mwa tairi. Tangu siku hiyo simpakii mtu.

Fundi ameshaifungua mara mbili. Mara zote mbili alitoa bloku, akaweka gasketi mpya ya chini (ile karatasi ya kuziba kiungo), akapaka silikoni nyekundu kwa wingi. Inakaa kavu wiki moja, inarudi palepale. Hii ya pili ina siku tisa.

Jana nilikuwa shambani tunapuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, pikipiki nimeiegesha chini ya upepo. Kurudi, yote ya njano, na unga umegandia palipo na oili tu. Nikaona nisichokiona siku zote. Mchirizi hauanzii chini ya bloku. Mmoja unaanzia juu kabisa, kwenye kifuniko cha tapeti (pale juu ya valvu), unateremka kati ya mapezi. Wa pili unatokea nyuma ya sproketi ya mbele, ile gia ndogo inayovuta cheni. Moshi haitoi, nguvu ipo, plagi kavu.

Je, sehemu mbili zinaweza kufa kwa pamoja? Au kuna kitu kimoja kinachoisukuma oili kote huko?

BodaLigula:

Pole mkuu. Yangu ilinisumbua hivyo hivyo, nikaweka oili nzito namba 40, ikapungua. Pia zungushia silikoni kwa nje pale inapotokea, acha ikauke usiku mzima. Sisi wa kijiweni ndivyo tunavyoishi.

FundiMkuti:

Mdogo wangu wa Kitangari, marahaba, na pole. Umeusoma vizuri huo unga. Oili huteremka, halafu upepo wa mwendo huipeleka nyuma, kwa hiyo palipolowa zaidi sipo inapotokea. Tafuta palipolowa juu kuliko pote. Wengi hukimbilia gasketi ya chini ya bloku kwa sababu ndipo oili inapokusanyika, na ukifungua bloku bila sababu unaongeza njia nyingine ya kuvujia.

Lakini salfa usiirudie kama kipimo. Ile inashika moto, na ekzosi ya CG imepita hapo hapo. Osha injini kwa dizeli na mswaki wa zamani, kausha kwa kitambaa, nyunyiza poda ya watoto, endesha dakika kumi, kisha chuchumaa uangalie kwa tochi.

Swali lako la mwisho ndilo lenyewe. Oili ikitokea sehemu mbili zisizohusiana, mimi kabla ya kushika spana naangalia injini inapumuaje. Pistoni ikishuka inasukuma hewa iliyo chini yake, na ringi hata zikiwa nzima hupitisha gesi kidogo. Hewa hiyo lazima ipate pa kutokea. Nyuma ya bloku, juu ya injini, kuna mpira mwembamba wa kupumulia. Ukiziba, presha hupanda ndani na kutafuta palipo dhaifu: sili ya shafti (mpira wa duara unaozuia oili), raba ya kifuniko, gasketi. Hapo utaweka gasketi mpya hata kila mwezi na haitadumu. Chomoa mpira huo, upulize kwa mdomo. Pumzi ipite bila kubanwa.

La pili, pima oili. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa mahali tambarare, injini ikiwa imetulia dakika kadhaa. Kwa Honda hizi kijiti hakifungwi wakati wa kupima: kifute, kichomeke kikae tu juu ya tundu, kitoe usome. Ukikifunga kwanza kinazama zaidi, unaona oili nyingi kuliko iliyopo. Na wapo wasiopima kabisa. CG ukibadilisha inataka lita moja kasoro kidogo, mtu anamimina chupa nzima juu ya ile iliyobaki ndani. Oili ikizidi nayo inatafuta pa kutokea.

Ndugu yangu BodaLigula, oili nzito haizibi kitu, inachelewesha tu, na asubuhi ya baridi inachelewa kufika juu kwenye tapeti. Silikoni ya nje nayo haishiki kwenye chuma chenye oili. Ya ndani ndiyo mbaya zaidi. Ikipakwa nene inabanwa kuelekea ndani, inakatika vipande, vinakwenda kuziba matundu ya oili. Nimetoa vipande kama minyoo kwenye injini ya mteja, na shafti ilikuwa imeshakwanguka. Tena angalieni chupa ya oili imeandikwa JASO MA, alama ya oili ya pikipiki. Krachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili hiyo hiyo, na baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano inayofanya krachi iteleze.

MamaSpeaNachingwea:

Naongezea kwenye sili ya sproketi, maana wateja wanarudi wakilalamika sili mbovu kumbe wameipasua wenyewe. Kabla ya kuivalisha, funga mfuko wa nailoni kwenye meno ya shafti, paka grisi mdomo wa sili, ndipo uipitishe. Ile ya zamani itoe taratibu, bisibisi isikwaruze shafti wala ukuta wa tundu. Mpya isukume kwa soketi yenye upana wa sili, iingie sawasawa pande zote. Ila kabla ya kuisukuma, pitisha ukucha kwenye shafti: ukikwama kwenye mfereji, sili ya zamani imeshakula chuma. Hapo usiizamishe mpya mpaka mwisho. Iache nje kidogo, mdomo wake ukae kwenye chuma kisicholika.

MtotoWaKitangari:

Nimerudi na majibu. Wiki tatu zimepita, nilitaka niwe na uhakika kwanza.

Nilianza na mpira wa kupumulia. Nikapuliza, haupitishi hata chembe. Nikaingiza waya, ukatoka udongo mkavu, kidonge baada ya kidonge. Nyigu walijenga humo. Nikakumbuka kwamba baada ya msiba pikipiki ilikaa chini ya mwembe miezi minne, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuigusa. Ilianza kuvuja nilipoitoa pale, na miye siku zote nilidhani ni uzee.

Oili niliitoa yote nikaipima kwa chupa za maji: lita moja na robo. Kila alipofungua, fundi aliongeza chupa nzima.

Mpira nimeuosha kwa petroli. Kuosha injini kulinichukua dizeli nusu lita na ndoo moja ya maji, mnajua huku juu maji ni ya kununua. Raba ya kifuniko cha tapeti ilikuwa imebanwa bapa na ngumu kama plastiki, nimeweka mpya bila silikoni, boliti nimekaza kwa msalaba injini ikiwa ya baridi. Sili ya sproketi nimebadilisha kama alivyoelekeza Mama Spea, na mfereji ulikuwepo kweli. Gasketi ya chini ya bloku sikuigusa. Imekauka na haijatoa hata jasho mpaka leo.

Tairi nimelisugua kwa sabuni ya unga, na hapu ya nyuma nimeifungua kuhakikisha oili haikufika kwenye viatu vya breki. Haikufika. Jumanne nimempeleka mama hospitali Newala na kurudi, soksi zangu kavu. Alipopanda aliishika tanki kwa mkono kabla ya kukaa, kama alivyokuwa akifanya enzi za baba.

Fundi wa Mkuti, Mungu akubariki. Kimebaki kijasho kidogo kwenye shafti ya pedeli ya gia, si tone, ni unyevu tu. Mama Spea, sili yake unayo? Nitakuombea basi la Masasi likulete mzigo.

FundiMkuti:

Nimefurahi sana, mdogo wangu. Mwisho wa mpira ufunge kipande cha neti ya mbu. Hewa inapita, nyigu hapiti.

MamaSpeaNachingwea:

Ipo. Lakini isafishe uso ile ya zamani unisomee namba tatu zilizoandikwa: ya tundu la ndani, ya upana wa nje na ya unene. Usiniagize kwa jina la pikipiki peke yake, CG zimetoka za miaka mingi na sili hazilingani zote.