Sikukuu ya Desemba na ghala linalopungua: tupunguze wapi?

Mkulima wa Urambo
Shikamooni wakubwa. Ninalima mahindi, karanga na ekari mbili za tumbaku. Krismasi hutukuta katikati ya palizi, mahindi mapya yakiwa bado miezi minne. Mwaka jana tulipika kilo 20 za mchele kwa watu wapatao 30, na kesho yake sufuria nzima ya pilau ilikuwa imechacha, tukawamwagia kuku. Kufika Februari nilikuwa nakopa debe la mahindi. Nipunguze vipi bila kuonekana mchoyo mbele ya wakwe?

Mama wa Ipuli
Marahaba mwanangu. Kilo moja ya pilau hushibisha watu wazima watano, kwa hiyo kilo sita zilikutosha, na mbili za wageni wasiotarajiwa. Mimi hupika masufuria mawili kwa zamu, na la pili haliwekwi jikoni mpaka nione wageni wenyewe wameingia uani. Mwaka juzi halikuwekwa kabisa, wala hakuna aliyeondoka na njaa. Jambo jingine linaloniudhi ni kwamba Desemba maembe yanaoza chini ya miembe yetu, nzi wamejaa, na mezani tumepanga juisi za dukani. Kamua embe, chuja, weka ndimu. Mvua ikikatika siku mbili tatu, kata vipande vyembamba uvianike kichanjani kama michembe ya viazi vitamu.

Mzee wa Ghalani
Mama amesema kweli kuhusu sufuria, lakini mimi naona kijana anaibiwa kwingine. Dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati, alionekana Afrika kwa mara ya kwanza hapa hapa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na bado ndiye mgeni anayekula kuliko wakwe zako wote. Ukitikisa gunia ukaona unga unamwagika chini, yeye ameshakula. Tumia mifuko ya kinga njaa, ile yenye plastiki mbili ndani ya kiroba, ambayo ukifunga kila tabaka peke yake wadudu hukosa hewa na kufa bila dawa. Kabla ya kujaza, tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, utikise, uache dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani, la sivyo utafungia ukungu. Na mfuko usifunguliwe funguliwe, maana kila ukifungua hewa inaingia upya.

Mfuga Nyuki
Niongeze la kuni. Bani la zamani la kukaushia tumbaku, likiwa na nyufa, linapoteza moto usiku kucha, nasi tunaendelea kukata miyombo ambayo nyuki wangu wanaitegemea kwa maua. Ziba nyufa kwa udongo kabla ya msimu, na kuni ziwe zimekauka. Kuni mbichi ni kupika moshi.

Mkulima wa Urambo
Ahsanteni sana. Bani nitalikandika kabla ya mavuno ya majani. Kwa ghala, nitaweka mfuko mmoja mdogo wa sikukuu pembeni, ili ile mikubwa isiguswe Desemba. Mzee, swali moja: panya wakitoboa plastiki ya nje tu, nihamishe mahindi yote?

Mzee wa Ghalani
Ya ndani ikiwa nzima, ziba tundu kwa utepe wa gundi, kisha inua mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta. Na ufuge paka.