Mrejesho: mlio wa masikioni na sindano za Kichina

Wadau, niliuliza hapa kama tiba ya Kichina inaondoa ule mlio wa "nziiii" masikioni uliokuwa unaninyima usingizi, nimerudi na mrejesho. Asanteni sana jamani, hasa uliyesisitiza nianze kwa daktari wa masikio, nilienda nikapimwa usikivu ikaonekana sauti nyembamba sizisikii vizuri, uchafu sikioni hakuna.

Ndo nikafanya sindano za Kichina (akupancha, vile visindano vyembamba visivyo na dawa) mara 10, wanachoma mbele ya sikio pointi inaitwa Tinggong, nyuma yake Yifeng, na zingine miguuni maana kwenye tiba ya Kichina wanaamini masikio yanaenda na figo. Ukweli mlio haujaisha. Ila shingo na taya zimelegea na usingizi umerudi kiasi, siwezi kusema ni sindano tu kwa sababu usiku nilianza pia kuweka sauti ya mvua kwenye simu kama mlivyonishauri, na hiyo naona ndo imenisaidia zaidi.

Vidonge vya mitishamba sikutumia, niko kwenye dawa za presha na daktari alikataa nisichanganye.

Mlio ukiwa sikio moja tu, au unadunda pamoja na moyo, wahi hospitali kwanza tafadhali. Asanteni tena.