Ati "dawa ya deni kulipa"! Deni gani, na mie sijakopa hata shilingi kwao?

Mwalimu wa Zamani, Konde

Buibui sijavua bado. Nimeketi barazani na simu, mikono inanitetemeka, na nikinyamaza leo nitapasuka.

Hawa jamaa wa benki mnawajua. Sina haja ya kuwataja, kila mwenye akaunti Pemba hii ameshamaliza nusu ya umri wake kwenye foleni yao. Wamenikata 412,500 mwezi uliopita. Juzi wamenikata tena 412,500. Kila mara ujumbe unaingia kwenye simu: marejesho ya mkopo. Mkopo! Mie niliyesomesha miaka 35, nikajenga nyumba tofali moja moja kwa kuogopa riba, leo nina mkopo benki!

Nikapanda gari ya kwanza ya alfajiri hadi mjini Chake Chake. Nimefika mlango haujafunguliwa. Nimepewa namba 4, na mpaka naitwa dirishani, mtoto aliyezaliwa wakati nachukua ile namba angekuwa ameshaota meno na anauliza skuli iko wapi.

Dirishani kijana. Kijana wa kuzaa mie. Nikampa Kitambulisho changu cha Mzanzibari, nikamwonesha na ujumbe, nikamwambia mwanangu, hebu niangalizie, mie sijakopa. Akabonyeza kompyuta yake, uso hakunyanyua. Halafu akakishika kitambulisho changu, akagonga nacho meza, ta, ta, ta, akasema kwa sauti ya muadhini: "Bibi, dawa ya deni kulipa."

Foleni nzima ikacheka. Na mtu wa tatu nyuma yangu, wallahi, alikuwa mkwe wangu, aliyemuoa binti yangu mwaka huu huu. Nimegeuka tukaonana. Akainama akajifanya anafunga kamba za kiatu. Alikuwa amevaa makubadhi!

Dawa ya deni kulipa. Mbele ya mkwe.

Nikagoma kuondoka hapo mpaka akaja mkubwa wao. Huyo angalau ana macho. Kumbe yuko mwenzangu Unguja, majina matatu sawasawa na yangu, langu, la baba na la babu. Yeye ndiye aliyekopa. Sasa nyie mnayajua majina yetu. Simama sokoni Chake uite Fatma Ali Juma, watageuka kinamama tisa, na wa kumi atakuja mbio kuuliza nani kamwita. Ndiyo maana tukapewa vitambulisho vyenye namba! Namba yangu siyo yake. Yeye kazaliwa 1989. Mie 1989 niko darasani na chaki mkononi! Kitambulisho kina tarehe ya kuzaliwa, na yule kijana alikuwa nacho kiganjani anakifanya nyundo.

Mkubwa akasema kosa limeonekana, pole mama, andika barua, itakwenda makao makuu, subiri siku 14 za kazi. Kunichukulia pesa hawakuniandikia barua. Kunirudishia ndiyo makao makuu.

Na mie zile pesa si za kukaa. Wachumaji wangu wa karafuu wako shambani tangu Jumamosi, pishi za kila mtu nimeandika kwenye daftari la mjukuu. Karafuu haijui siku za kazi. Ua likifunguka juu ya mti thamani imeondoka, na shirika la serikali likinunua linatazama daraja, halikuulizi benki yako imekufanyaje. Jana usiku tumechambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, mpaka kucha zimekuwa nyeusi. Leo wale vijana niwape nini, ile barua?

Lakini pesa nitazipata, kwa jasho au kwa dua. Kinachonichoma ni ile ta, ta, ta. Kona ya kitambulisho imepata alama, nimeitazama njia nzima kwenye gari. Na yule kijana hajasema hata samahani. Nilipokuwa natoka alikuwa anamwita namba 5.

Binti Wete

Shikamoo mwalimu. Pole sana. Tunawajua, tena tunawajua vizuri! Hao ukiwapelekea pesa wanacheka, ukizifuata wanakuuliza wewe nani. Mimi waliniambia sahihi yangu haifanani. Haifanani na nini, mie nilikuwa nimesaini palepale mbele yao!

Mtoto wa Fuoni

Ila hapo kwenye makubadhi nimecheka mpaka nimeamsha watoto 😂😂

Baharia wa Mkoani

Mwalimu, wewe ndiye uliyekuwa ukitupiga bakora tukikosea hesabu. Leo umekutana na waliokosa hesabu kweli, bakora umeiacha wapi?

Mwalimu wa Zamani, Konde

Baharia, ningekuwa nayo leo ningelala kituoni. Nakwambia kwa moyo mmoja. Ningeanza na mkono ule ule uliogonga meza.

Karani Mstaafu

Bi Mwalimu, sikiliza. Barua usiwape mkononi hivihivi. Toa kopi, wagonge muhuri na tarehe, na wakupe namba ya lalamiko. Kanuni za BoT, yaani Benki Kuu ya Tanzania, za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zipo tangu 2019, na zinataka uanze kwa benki yenyewe. Wakikuzungusha, peleka Benki Kuu, wana dawati la malalamiko na tawi lao liko hapa Unguja. Na jambo moja kubwa kuliko hizo pesa: wadai wakupe maandishi kwamba ule mkopo si wako. Taarifa za wakopaji zinahifadhiwa. Jina lako likishaingizwa na deni la mwenzio, siku mwanao akitaka umdhamini utaonekana mdaiwa sugu.

Mwalimu wa Zamani, Konde

Ahsante sana Karani. Hilo la maandishi sikulifikiria. Mdaiwa sugu mie! Bora nimesema hapa.

Kijana wa Darajani

Mama lipa tu hilo deni la mwenzio upate thawabu, mna jina moja, ni kama dada yako 😂

Binti Wete

Kijana wa Darajani, mwalimu hana rika na wewe. Kaa na adabu yako.

Kijana wa Darajani

Natania tu jamani. Ila mwalimu hana shida ya kunizidi mie. Mie mwezi uliopita nimetuma laki mbili kwa simu, nimekosea tarakimu moja ya mwisho. Nimempigia aliyepokea, akaniambia alikuwa anaomba Mungu riziki na mimi ndiye njia yake. Nimepiga huduma kwa wateja, nimesikilizishwa muziki mpaka salio limekwisha.

Mtoto wa Fuoni

Hao wa simu ndio wezi wakubwa. Mmesahau tozo za miamala ya simu za 2021? Ulikuwa ukituma unakatwa, ukitoa unakatwa. Benki angalau inakukata ikiwa na kisingizio.

Mwalimu wa Zamani, Konde

Jamani rudini kwenye mada! Mimi nimeambiwa dawa ya deni kulipa mbele ya mkwe wangu! Na mkwe amepiga simu sasa hivi kwa binti yangu, kamuuliza kwa upole, ati "mama anahitaji msaada?" Kwa upole! Bora angecheka na wenzake.

Mpemba wa Dar

Mkwe ana moyo mzuri mwalimu, mshukuru Mungu. Wangu angeshalitangaza hilo msikitini.

Baharia wa Mkoani

Tozo, tozo, na hawa wa umeme je? Nimenunua tokeni Ijumaa, Jumapili mita inalia kama mtoto wa paka. Nina taa tatu na friji la samaki. Samaki wangu wameoza, nani atanilipa? Na mie niandike barua?

Mtoto wa Fuoni

Wapemba mnadeka. Umeme mnao wa waya wa baharini kutoka Tanga. Sisi Unguja tulikaa gizani miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Mahoteli yanaunguruma majenereta, sisi tunapepea na kawa.

Baharia wa Mkoani

Huo waya wa Tanga tumeupata 2010! Kabla ya hapo mlikuwa wapi kutuhesabia? Tulikuwa tunategemea mashine za mafuta pale Wesha, zikikohoa Pemba nzima imezima. Nyie miezi mitatu mmeifanya tarehe ya historia. Sisi yalikuwa maisha.

Mpemba wa Dar

Wesha! Umenikumbusha. Nilisomea mtihani wa kidato cha nne kwa kibatari, pua nyeusi tii asubuhi. Na bado nilifaulu.

Binti Wete

Ulifaulu nini wewe, si ndiye ulirudia 😂

Mpemba wa Dar

Nani kakwambia? Hesabu tu ndiyo niliyorudia!

Mtoto wa Fuoni

Kumbe ndiyo wanaoajiriwa benki.

Kijana wa Darajani

Bado hamjanijibu laki mbili zangu. Naweza kumshitaki yule mtu wa riziki au nimsamehe?

Karani Mstaafu

Nenda polisi na ule ujumbe wa muamala, usimtukane tu kwenye simu, matusi yatakugeukia wewe.

Mwalimu wa Zamani, Konde

Barua nimeimaliza, kurasa tatu. Yale maneno yake nimeyaandika kama alivyoyasema, na ta, ta, ta nimeiandika vilevile. Mjukuu anasema barua ya benki haiandikwi hivyo. Ataandika ya kwake atakapogongewa yeye. Wachumaji nimewapa nusunusu, nimeuza mbuzi mmoja. Nani ana gari ya kwenda Chake kesho alfajiri? Nataka niwe namba 1.

Baharia wa Mkoani

Gari sina mwalimu, mie niko kusini huku. Lakini kama kuna mtu anataka friji la samaki, linauzwa, linagandisha vizuri sana umeme ukiwepo.

Mtoto wa Fuoni

Bei gani?