WANA KIHESA 🏠 (Msalaba wa Bibi)

*Jumatatu*

Sofia, 18:41
Jamani habari za jioni. Naomba msome mpaka mwisho. Jumamosi tunaweka msalaba wa Bibi, misa saa 4 kamili asubuhi, Kihesa, Iringa. Sisi wa Dar tunatoka Ijumaa saa 10 alfajiri, tukutane Mbezi Mwisho. Magari mawili, la Baraka na la Deo. Mafuta elfu 40 kila mtu mzima, mwisho kesho jioni, maana Jumatano EWURA wanatangaza bei mpya na mimi sitaki hadithi.

Sofia, 18:42
Anayekwenda aweke 👍

Sofia, 19:15
Watu 23 mmesoma. Dole mbili. Na moja ni langu.

Mama Kelvin, 19:20
Nipo mdogo wangu, nilikuwa nageuza chapati 👍

Baraka, 19:33
Mimi msinichangie. Nimetoka Dodoma juzi, jana nimejaza fulu tenki, gari inasema bado km 640. Iringa ni kama 500. Sisimami sheli yoyote 😎

Baraka, 19:33
[picha]

Kelvin, 19:36
Bro dashibodi ina vumbi kama imetoka kuchimbwa

Anko Sixtus, 19:40
Hiyo 640 inajumuisha na kunisimamishia nichimbe dawa? 😂

Sofia, 19:41
Anko tafadhali. Elfu 40.

Deo, 21:05
Baraka, usiichukulie hiyo 640 kama ahadi. Gari haijui unakwenda wapi. Inachukua mafuta yaliyobaki inazidisha na ulivyotumia siku za karibuni. Umetoka Dodoma peke yako, barabara tupu, mwendo mmoja. Inadhani maisha ndiyo hayo. Ijumaa una watu watano, gunia la mchele, sufuria za Mama Kelvin, kiyoyozi kinavuma, halafu Kitonga unapanda na gia ndogo nyuma ya lori la Zambia. Namba itaporomoka unaiona.

Baraka, 21:11
Kaka hii gari ni ya kisasa lakini, ina kompyuta

Deo, 21:14
Kompyuta inakisia tu. Jaza Morogoro.

Shangazi Leti, 22:48
Deo anafundisha watu mafuta. Haya.

*Jumanne*

Sofia, 06:30
Tumsifu Yesu Kristo. Waliotoa: Mama Kelvin, mimi, Anko Sixtus (elfu 15, Anko tutaongea). Wengine mpo?

Sofia, 06:31
Na jamani ya zamani tuyaache.

Kelvin, 08:02
Ya zamani yapi? Mi nilikuwa form one

Mama Kelvin, 08:03
Kelvin nenda chuo.

Baraka, 13:22
Nawaambia kitu. Sasa hivi nimetoka Mwenge mpaka Mbezi. Foleni, nusu saa nimesimama injini inanguruma. Nimetembea km 17. Ile namba imeshuka 51.

Baraka, 13:23
Nimekaa kimya kwa adabu 🙏🏾

Anko Sixtus, 13:30
Kompyuta imetoka Dodoma ikakutana na Dar

Mama Kelvin, 13:34
Ningeuliza, tunafunga na dumu la petroli nyuma tukiwa na wasiwasi? Nina dumu la mafuta ya kula safi kabisa

Deo, 13:50
Hapana mama. Dumu la plastiki, joto, watoto ndani ya gari. Mvuke wa petroli peke yake unatosha kuwalaza. Vituo vipo mpaka Mikumi mjini, Ruaha Mbuyuni vipo, Ilula vipo. Shida ni kujaza kwa wakati.

Anko Sixtus, 13:55
Swali la kitaalamu. Kwa nini kila nikiingia sheli naingia upande ambao sio wa tundu

Deo, 13:58
Anko kwenye dashibodi pembeni ya alama ya pampu kuna kamshale kadogo. Kanakoelekea ndiko kwenye tundu.

Anko Sixtus, 13:59
MIAKA 20

Anko Sixtus, 13:59
Miaka 20 nashuka kuangalia, wahudumu wananicheka

Kelvin, 14:01
😂😂😂

Mama Kelvin, 14:02
Nimeenda kuangalia ya kwetu kweli ipo!!

Sofia, 14:10
Tunaomba tusitoke kwenye mada. Watu 7 tu wametoa.

Deo, 20:17
Kwa kuwa mada ni mafuta, na mimi naitoa hii hapa. Wiki iliyopita pampu ya mafuta ya Noah yangu ilianza kulia, nikaipeleka kwa fundi Gerezani. Kashusha tenki. Ndani kuna boya, lina mkono wa waya. Mafuta yakipanda boya linapanda, mkono unateleza juu ya kipande cha umeme, mshale kule mbele unasogea. Tazameni mkono wenyewe.

Deo, 20:18
[picha]

Deo, 20:18
[picha]

Deo, 20:24
Umepinda. Fundi wa zamani aliyebadilisha pampu mwanzoni mwa 2019 aliukunja wakati anaurudisha kwenye tundu. Jana tumejaribu: tenki tupu kabisa, mshale unasimama nusu. Tumetia lita 30 kwa dumu la kupimia, mshale umeenda F. Noah inachukua kama lita 60. Nina video.

Kelvin, 20:26
Na ile taa ya njano?

Deo, 20:28
Kwenye gari hii taa inasubiri boya hilohilo. Boya likisema nusu, taa inalala.

Baraka, 20:40
Subiri. 2019 tulipokwenda kumzika Bibi uliweka lita ngapi?

Deo, 20:41
Mlinipa laki na thelathini nijaze. Mshale ulikuwa nusu. Nikaweka ya elfu 66, lita 30, mshale ukafika F. Nikasema tenki limejaa, inayobaki ya kurudia. Risiti niliwaonyesha pale pale porini.

Baraka, 20:46
Lita 30, Noah imejaa watu, km 9 kwa lita. 270. Ukitoka Dar, 270 ni katikati ya hifadhi ya Mikumi.

Baraka, 20:46
Ni pale pale ilipozima.

Anko Sixtus, 20:52
Pale palipokuwa na nyani aliyekaa kwenye boneti akituangalia kama trafiki. Mimi na haja yangu yote, wameandika usishuke kwenye gari 😂

Sofia, 20:53
Anko.

Anko Sixtus, 20:53
Nimenyamaza.

Mama Kelvin, 21:10
Deo kwa nini hukuitengeneza miaka yote hii?

Deo, 21:16
Mama ningeitengeneza ningesikia imeharibika. Tangu siku ile siangalii mshale. Najaza mpaka bomba linakata lenyewe, narudisha kilomita za safari kwenye sifuri, zikifika 350 naingia sheli. Kila ukijaza gawanya kilomita kwa lita unajua gari yako inakula nini. Haijanizimikia tena.

Deo, 21:17
Elfu 64 ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Mliitoa ninyi wenyewe mkaishika juu.

*(Hakuna aliyeandika mpaka saa 3:58 usiku.)*

Shangazi Leti, 21:58
Mimi sikumzika mama yangu.

Shangazi Leti, 21:58
Masaa matatu tumekaa porini, dereva wa lori akatupa lita 5 na gari ikawaka. Ikawaka mara moja. Mshale uko nusu na tenki kavu. Nilifikia kwenye udongo umeshafukiwa, watu wananawa mikono. Wewe unanitumia picha ya waya.

Sofia, 22:01
Shangazi pole. Jamani tuongee kesho. Elfu 40 bado naipokea.

*Jumatano*

Zawadi (Kihesa), 05:50
Shikamooni wakubwa. Baba Mkubwa ameamka saa 10, ameniambia nimsomee yote kuanzia Jumatatu. Nimemsomea. Kasema niandike, sio sauti, isije ikafutika. Naandika kama anavyosema.

Zawadi (Kihesa), 06:04
"Kamwene. Mimi ni Filbert. Siku ya kumzika mama padre alitaka saa 8. Nilimwomba mpaka saa 10. Nikatoka mara nne kwenda barabarani kumwangalia Leti. Wingu la mvua lilikuwa limefunga. Aliyesema fukieni ni mimi. Deo hakusema. Geji haikusema. Leti, miaka yote unamnyima salamu mtoto wa marehemu kaka yetu, na mimi nimekaa kimya kwa sababu lawama ilikuwa inanipita pembeni. Kama una neno, nina mgongo, niletee mimi kabla sijamfuata mama.

Na aliyesema neno mwizi pale porini sitamtaja, anajijua. Alirudishe Jumamosi, mbele ya kaburi.

Gari zote mjaze Morogoro. Hata kama mshale unasema umejaa. Nimesema."

Zawadi (Kihesa), 06:05
Ameishia hapo. Sasa anakunywa uji.

Mama Kelvin, 06:20
Shikamoo Bamkubwa. Tumesikia.

Baraka, 06:21
Shikamoo Baba Mkubwa. Morogoro nitajaza.

Kelvin, 06:33
Shikamoo Bamkubwa 🙏🏾

Sofia, 07:15
Marahaba wote kwa niaba yake 😅 Tumesikia Bamkubwa. Kwa hiyo marekebisho. Morogoro kituo, nusu saa, kila gari inajaza mpaka inakata. Kutokana na hilo elfu 40 inakuwa elfu 50.

Anko Sixtus, 07:16
Ndo mana aliongea kwa uchungu

Sofia, 07:17
Anko wewe bado 35.

Deo, 09:02
Shikamoo Baba Mkubwa. Asante.

Deo, 09:04
Mkono mpya umefungwa. Nimeujaribu tupu, robo, nusu, na fulu. Sio kwamba mshale sasa ni malaika. Ukijaza unakaa F kilomita nyingi kwa sababu boya limegota juu, halafu toka nusu kushuka unakimbia. Ukiegesha mlimani unadanganya. Ila tupu sasa ni tupu.

Baraka, 09:10
Na mimi leo inasema 563. Gari haijatoka uani

Deo, 09:12
Uliiacha inaunguruma ukiosha?

Baraka, 09:12
...

Baraka, 09:13
Muziki tu kaka

Mama Kelvin, 12:40
EWURA wameshatoa bei?

Sofia, 12:41
Mama Kelvin bei ikipanda ikishuka hela ni ileile. Mpangilio wa siti. Noah: mbele Anko Sixtus sababu ya goti, katikati Mama Kelvin, mimi, Kelvin, nyuma watoto na sufuria. Kwa Baraka: Shangazi Leti mbele, Da Rehema, wengine watajazana. Rehema hujasema neno tangu Jumatatu.

Rehema, 16:29
Jamani simu ilikuwa kwenye chaji. Kwani msalaba ni wiki hii?

Sofia, 16:30
🤦🏾‍♀️

Shangazi Leti, 19:47
Shikamoo kaka. Nimesoma. Nimesoma tena.

Shangazi Leti, 19:52
Sofia. Mimi sipandi kwa Baraka. Napanda Noah, mbele.

Sofia, 19:53
Shangazi pale nilishampa Anko, lile goti...

Shangazi Leti, 19:54
Goti la Sixtus nalijua mimi. Halina ugonjwa, linapenda dirisha.

Anko Sixtus, 19:55
👀

Shangazi Leti, 19:56
Nitakuwa naangalia huo mshale kuanzia Mbezi. Na wewe Deo uniambie kilomita, niandike kwenye daftari.

Kelvin, 20:15
Deo yuko online. Namwona

Mama Kelvin, 20:15
Kelvin nenda kalale.

Sofia, 20:31
Basi Anko aende kwa Baraka nyuma, au Rehema apande basi, mimi sijui tena. Elfu 50. Waliotoa mpaka sasa 9.

Deo, 23:12
Sawa shangazi. Saa 10 kasoro robo nitakuwa getini kwako.