Kupaka rangi plastiki za ndani ya gari nyumbani, kwa hali ya hewa ya Dodoma

Mkazi wa Nkuhungu

Ndugu zangu, habari za leo. Nina Toyota IST ambayo mmiliki wa awali alipaka rangi ya fedha plastiki zinazozunguka redio, swichi za vioo na sehemu ya gia. Rangi hiyo sasa inabanduka magamba, hasa pale mkono unapogusa mara kwa mara, ingawa plastiki yenyewe chini yake ni nzima. Ningependa kuzifungua mwenyewe, nizipake rangi nyeusi isiyong'aa kwa makopo ya kupuliza, kisha nizirudishe. Ninaishi nyumba ya kupanga yenye uwanja wazi, sina kompresa, na upepo wa kipindi hiki na vumbi lake mnaufahamu. Je, kazi hii inaweza kufanyika nyumbani ikadumu? Na kwa nini rangi ya bodi iko salama ilhali hii ya ndani, isiyonyeshewa mvua wala kupigwa na mchanga, ndiyo imeharibika?

Fundi wa Kizota

Inawezekana, ndugu yangu, na nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linalobeba mengine. Aghalabu rangi ya ndani hubanduka kwa sababu ya kilichokuwa chini yake siku ilipopulizwa, wala ubora wa kopo hauna lawama kubwa. Ukishafungua kipande, kigeuze utazame mgongoni: watengenezaji wengi huchapa hapo aina ya plastiki, kwa mfano >ABS< au >PP<. ABS hupokea rangi vizuri ikishasuguliwa kidogo. PP, yaani polipropilini, ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa uso wake haushikwi na rangi. Rangi ya kawaida hukauka juu yake ikaonekana nzuri, lakini ukucha ukipita inanyanyuka. Hiyo huhitaji praima maalumu ya plastiki inayotangulia kupulizwa. Dukani uliza praima ya plastiki za bampa, maana bampa nyingi hutengenezwa kwa jamii hiyo ya PP, na muuzaji atakuelewa.

Adui wa pili ni dawa ya kung'arishia dashibodi. Nyingi zina silikoni, na rangi ikikutana na silikoni hujikunja na kuacha vitundu vya duara ambavyo koti la pili haliwezi kuvifunika. Osha kila kipande kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, suuza, kausha, kisha pangusa kwa spiriti na kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Fanya hivyo kabla ya kugusa msasa. Ukianza na msasa, utaisukuma silikoni ndani ya mikwaruzo na hutaitoa tena kwa urahisi. Tina (kimiminika cha kuzimulia rangi) na petroli ziache kabisa, kwani tina huyeyusha uso wa ABS ukabaki unanata.

Kwa kuwa rangi ya zamani imeanza kuachia, usipake juu yake. Iondoe yote kwa msasa wa maji namba 400, halafu lainisha kwa 800. Ikiwa plastiki ina vinyweleo kama vya ngozi, usiviue kwa msasa, bali tumia sponji ngumu ya kijani ya kusugulia vyombo. Baada ya hapo osha tena, na usiushike uso kwa mkono mtupu.

Mama wa Ipagala

Nakubaliana na fundi, ila naongeza suala la upepo, ambalo kwa mji wetu ni nusu ya kazi. Asubuhi na mapema hewa huwa imetulia, lakini Juni na Julai huwa na baridi, na kopo baridi hutema matone. Litumbukize kwanza katika maji ya uvuguvugu, kamwe si karibu na moto. Ukisubiri jua la mchana, rangi hukauka hewani kabla haijatua, na uso unakuwa na chenga. Mwagia uwanja maji, kisha weka vipande ndani ya boksi kubwa la kadibodi lililolazwa na mdomo wake ukiupa upepo kisogo. Usipulizie chumbani wala karibu na jiko la mkaa au la gesi, kwa kuwa mvuke wake unashika moto.

Mkazi wa Nkuhungu

Ninawashukuru sana. Je, nipake klia, yaani koti la mwisho lisilo na rangi, juu yake? Na kifuniko cha katikati ya usukani, ambacho nacho kimechakaa, nikiunganishe katika kazi hii?

Fundi wa Kizota

Kifuniko cha usukani kiache kama kilivyo. Nyuma yake kuna mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali, na kifuniko hicho kimetengenezwa kipasuke katika mistari maalumu. Tabaka za rangi na praima zinaweza kubadilisha namna kinavyopasuka au kuruka vipande usoni mwako. Hali ni hiyo hiyo kwa sehemu yoyote yenye maandishi ya SRS, yaani alama ya mfumo wa mifuko ya hewa. Hata unapofungua plastiki za jirani, toa kwanza waya hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90.

Klia ni muhimu kwenye swichi na gia, kwa sababu jasho na mafuta ya mikono hula rangi tupu. Chagua isiyong'aa, la sivyo jua la Dodoma litakurudishia mwanga machoni. Ile ya kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kuifanya iwe ngumu, usiitumie nyumbani. Ina kemikali zinazodhuru mapafu na huhitaji vifaa vya karakana.

Tikisa kopo dakika mbili, pulizia kutoka sentimita 20 hadi 25, na anza mkono ukiwa nje ya kipande. Koti la kwanza liwe jepesi kiasi kwamba plastiki bado inaonekana. Mwenye pupa hulimaliza hapo, rangi ikachuruzika. Subiri dakika 10 hadi 15 kati ya koti na koti. Matatu yanatosha, kisha klia mawili. Kesho yake rangi itakuwa kavu kwa kuigusa lakini bado laini ndani, kwa hiyo kabla ya kubana klipu vipe vipande juma zima kivulini.