Matetemeko Kanda ya Ziwa: unaishije na hofu hii? Tupeane uzoefu

Mama wa Kitangiri: Jana usiku vyombo vimelia kabatini, nikajikuta niko uani na mtoto begani. Kumbe limepita lori la mchanga. Wenzangu mnalalaje?

Mhaya Mabatini: Pole dada. Mimi nilikuwa Hamugembe, Bukoba, ile Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016. Inakaribia saa tisa na nusu alasiri, namenya ndizi uani. Muungurumo ukatoka chini, sufuria zikaanza kugongana. Bibi alikuwa amelala ndani. Naingia, ufa unapanda kutoka kona ya dirisha kwenda juu, vumbi jekundu limejaa chumba kizima. Nilimvuta kwa kanga aliyojifunga. Hatujafika mlangoni, ukuta ukalala juu ya kitanda chake.

Usiku tulilala nje mtaa mzima, vyandarua tumevifunga kwenye migomba. Ardhi ikitikisika kidogo tu, watoto yowe. Bibi mpaka anafariki hakukubali tena kulala mlango ukiwa na komeo. Na mimi hapa Mwanza kitanda nimekiweka katikati ya chumba, anayecheka na acheke.

Da Rehema: Nani acheke? Hapo kwa bibi nimelia.

Mzee wa Igogo: Siku hiyo hata Mwanza tulilisikia. Sisi wa milimani hofu yetu ni mawe. Kuna moja limekaa juu ya choo chetu, mvua kubwa ikinyesha lazima niende kuangalia udongo wa chini yake umeliwa kiasi gani.

Kijana Geita: Semeni ukweli, haya ni mabaruti ya migodini.

Mwalimu Nyegezi: Acha kupotosha watu. Lile la Kagera lilikuwa na ukubwa wa 5.9, lilianzia kilomita kama 40 chini ya ardhi. Baruti gani inafika huko? Ziwa letu liko kati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa, ardhi inavutwa huku na huku.

Kijana Geita: Njoo ukae jirani na mgodi uone kuta zetu, ndipo unifundishe.

Mwalimu Nyegezi: Nyufa zenu sijazikataa, mdogo wangu. Nasema tetemeko ni jambo jingine.

Mama wa Kitangiri: Jamani msigombane. Likija nifanye nini?

Da Rehema: Ingia chini ya meza, shika mguu wa meza, funika kichwa.

Mhaya Mabatini: Meza ya plastiki? Nyumba ya tofali za udongo, ukiwa karibu na mlango toka! Simama mbali na ukuta na nyaya za umeme.

Mwalimu Nyegezi: Ila wa ghorofani msikimbilie ngazi.

Mzee wa Igogo: Tusali pia.

Fundi Buhongwa: Sala na lenta, vyote viwili. Lenta, ule mkanda wa zege na nondo juu ya madirisha, izunguke nyumba nzima, si juu ya dirisha tu, na nondo zishikane kwenye kona. Ule ukuta wa pembeni unaopanda mpaka kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba bati, usiuache unaning'inia, ufungwe na paa. Huo ndio huwahi kuanguka.

Mama wa Kitangiri: Fundi, yangu ina lenta ya madirisha tu na tayari imeezekwa. Inarekebishika?

Fundi Buhongwa: Nitumie picha za kona zote, ndani na nje. Kama kuna ufa, weka kiberiti pembeni yake nione upana.