Tupeane uzoefu: mlimpataje mtu wa mazoezi ya viungo wa kuja nyumbani kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo?

Mama wa Fuoni: Asalaam alaykum. Jana ndani ya gari nimemuona mtoto shingo haijakaza kama wangu, nikajikuta nalia. Wangu miaka 3, mtindio wa ubongo. Hospitali ya Mnazi Mmoja tunakwenda ila kumbeba kwa daladala mbili mgongo umekwisha.

Ummu Nasra: Mie niliuliza palepale chumba cha mazoezi, yupo anaetoka kazini saa 9 ndo anapitia kwetu.

Mjukuu wa Wete: Huku Pemba nani atakuja shamba jamani.

Bi Bububu: Ntasema ijapokuwa naumia. Niliambiwa na jirani yupo kijana hodari, sikumuuliza kasomea wapi. Siku ya nne nipo jikoni nachuja nazi nasikia kilio, si kile cha kila siku, nikakimbia na mikono ile ile, namkuta kaukamata mguu anaunyoosha kwa nguvu ananambia lazima ukunjuke. Usiku paja likavimba, picha ikaonesha limevunjika. Daktari akanambia mtoto asiesimama mifupa yake dhaifu, na msuli uliokaza haulazimishwi, unaubembeleza mpaka ulegee. Mpaka leo akisikia hodi ya mwanamme ananing'ang'ania kanga.

Ummu Nasra: Subhanallah.

Baba Idi: Kwani ulimwacha peke yake?

Mjukuu wa Wete: Na mchuzi apike nani? Usimuongezee mama wa watu.

Baba Idi: Silaumu. Nasema kaa hapo hapo, ujifunze, akiondoka ufanye wewe. Saa 1 kwa wiki haimtoshi mtoto.

Ummu Nasra: Wangu nikikaa analia hafanyi kitu, naambiwa nitoke. Nasikilizia mlangoni.

Mama wa Fuoni: Bibi yake anataka tumpeleke kwa mkandaji.

Bi Bububu: Mafuta ya nazi kumpapasa sawa, kuvuta viungo HAPANA. Na akija mtu muulize cheti, Moshi hospitali ya KCMC wanasomesha hii kazi, asikasirike.

Baba Idi: Na kumlisha mkalishe, asilale chali, chakula kitaingia mapafuni. Wetu tulimtengenezea kiti cha maboksi.

Mjukuu wa Wete: Mnagandisha na nini?

Baba Idi: Uji wa unga wa ngano, tabaka juu ya tabaka, unaanika mpaka kikauke kabisa. Mpime kwanza mapaja na mgongo. Ntakutumia picha jioni.